Meza Moja au Meza Mbili? Upangaji wa Huduma na Kazi ya Wanataaluma Mbalimbali katika Zoni za Afya za Mashariki mwa Kongo

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi kazi ya pamoja ya wanataaluma wa afya inavyotegemea mahali mpango wa huduma unapoandaliwa na lugha inayotumika kuuandaa. Mfano unaochunguzwa ni zoni ya afya, ngazi ya utekelezaji ya mfumo wa afya wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tangu jaribio la Kasongo la miaka ya 1970 hadi milipuko ya Ebola ya Kivu Kaskazini ya mwaka 2018 na 2021. Hoja kuu ni kwamba zoni ilikuwa tayari na meza ya kuwakutanisha daktari, muuguzi, mkunga, mfamasia na wawakilishi wa jamii, ila mwitikio wa dharura wa mwaka 2018 ulijenga meza ya pili kando yake. Gharama ya meza hiyo ya pili ilionekana katika imani ya wagonjwa, katika lugha, na katika magonjwa ambayo hayakuwa Ebola.

Maneno makuu: zoni ya afya, upangaji wa huduma, wanataaluma mbalimbali, Ebola, Kiswahili cha Kongo

1.0 Utangulizi

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Kongo ilitangaza mlipuko wa Ebola uliothibitishwa Mangina, mji mdogo ulio katika zoni ya afya ya Mabalako, Kivu Kaskazini. Ulikuwa mlipuko wa kumi kutambuliwa nchini humo tangu mwaka 1976, na ulitangazwa siku chache tu baada ya ule wa mkoa wa Équateur kutangazwa kuwa umekwisha. Ulipofikia kikomo tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua, na 2,287 kati yao walikuwa wamefariki dunia. Ni mlipuko mmoja tu wa Ebola duniani, ule wa Afrika Magharibi wa mwaka 2014 hadi 2016, uliowahi kuuzidi.

Kinachoshangaza katika takwimu hizi ni kwamba Kongo haikukosa utaalamu. Nchi ilikuwa na madaktari na wataalamu wa maabara waliokwisha kupambana na Ebola mara tisa. Mara hii kulikuwa pia na chanjo, ambayo hatimaye ilitolewa kwa zaidi ya watu 300,000, na kulikuwa na dawa zilizojaribiwa na kuonyesha mafanikio katikati ya mlipuko wenyewe. Vita vya makundi yenye silaha katika eneo la Beni vinaeleza sehemu ya maafa hayo, na hakuna mchambuzi mwenye busara atakayevidharau. Hata hivyo, sehemu nyingine ya maelezo imo katika swali la kawaida zaidi, ambalo halivuti waandishi wa habari: nani alikaa pamoja na nani kupanga huduma?

Istilahi ya kazi ya wanataaluma mbalimbali hutumiwa kwa wepesi. Mara nyingi humaanisha tu kwamba watu wa fani nyingi wamo katika jengo moja au katika orodha moja ya malipo. Kwa maana hiyo, soko nalo ni mahali pa kazi ya pamoja. Katika makala haya istilahi hiyo inabanwa zaidi: kazi ni ya pamoja pale ambapo taarifa ya fani moja inaweza kubadili uamuzi wa fani nyingine kabla uamuzi huo haujatekelezwa. Muuguzi anayejua kwamba kina mama wa kijiji fulani huenda shambani alfajiri, na ambaye ujuzi wake huo hauwezi kusogeza saa ya timu ya chanjo, hafanyi kazi na timu hiyo hata kama anavaa fulana yake.

2.0 Kasongo na kuzaliwa kwa zoni

Kasongo, katika Maniema, hukumbukwa na wanafunzi wa Kiswahili kwa sababu ya karne ya 19, wakati misafara ya kutoka pwani ilipoufanya mji huo kuwa mojawapo ya vituo vikuu vya bara na lugha ya Kiswahili ikapata mizizi huko. Kwa wanafunzi wa afya ya umma Kasongo ina maana nyingine. Kuanzia mwaka 1971, Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp iliendesha huko mradi wa kujaribu mpango wa huduma kwa wilaya nzima, ambao ulihusishwa sana na majina ya Pierre Mercenier na Harrie Van Balen. Swali lao lilikuwa la kimahesabu kwanza: ikiwa madaktari ni wachache mno, na wakazi wamesambaa katika vijiji vilivyo mbali na hospitali, kazi igawanywe vipi?

Jibu la Kasongo lilikuwa kumweka muuguzi katika kituo cha afya kama mwenye kituo. Muuguzi huyo aliwaona wagonjwa, akaamua nani atibiwe hapo na nani apelekwe hospitali, na alifanya hivyo kwa kufuata miongozo iliyoandikwa hatua kwa hatua: ukiona dalili hii, uliza hili, jibu likiwa ndiyo, fanya hivi. Daktari alibaki hospitalini kwa kazi zilizohitaji hospitali, na akatoka kwenda vituoni kusimamia na kufundisha. Miongozo ile haikuwa amri iliyoshuka kutoka juu na kukaa hivyo milele. Ilirekebishwa kadiri wauguzi walivyoeleza kilichowashinda. Hapa ndipo penye kiini cha jambo, maana karatasi ya mwongozo ilikuwa mahali ambapo fani mbili zilikutana na kusahihishana.

Kasongo iliacha pia swali zito. Mwaka 1981 timu ya mradi ilichapisha katika jarida la The Lancet matokeo kuhusu chanjo ya surua kwa watoto wa miezi 7 hadi 35. Chanjo ilipunguza vifo katika umri ambao surua huua zaidi, lakini timu ilitilia shaka iwapo faida hiyo ilidumu, kwa kuwa mtoto dhaifu aliyeepuka surua angeweza kufa baadaye kwa kuhara au kwa nimonia. Watafiti wengine, hasa waliofanya kazi Guinea-Bissau, walipinga vikali hitimisho hilo na kuonyesha kwamba chanjo ya surua huokoa maisha kwa kiwango kikubwa, na leo hakuna mpangaji wa afya anayeitilia shaka. Lakini wasiwasi uliokuwa nyuma ya shaka ya Kasongo haukufa: huduma ya ugonjwa mmoja, ikitolewa peke yake, humpita mgonjwa mwenyewe.

Baada ya Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978, Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, iliichukua fikra hii na kuifanya mfumo wa taifa. Katika miaka ya 1980 nchi iligawanywa katika zoni za afya 306. Mageuzi ya baadaye yaliongeza idadi hiyo, na sasa zimezidi 500. Zoni ina hospitali kuu ya rufaa, ofisi kuu inayoongozwa na daktari mkuu wa zoni, na maeneo ya afya kadhaa, kila eneo likiwa na kituo chake na muuguzi mkuu wake. Kituo hutoa kifurushi cha msingi cha huduma na hospitali hutoa kifurushi cha nyongeza. Neno nyongeza lina uzito wake, kwani hospitali haitakiwi kurudia yale ambayo kituo kinaweza kufanya.

3.0 Meza ya kwanza

Kila mwezi wauguzi wakuu wa vituo hukusanyika katika ofisi ya zoni wakiwa na takwimu zao. Katika zoni za milimani baadhi yao hutembea au kupanda pikipiki siku nzima kufika. Takwimu husomwa mbele ya wote: wagonjwa wa malaria, wajawazito waliohudhuria kliniki, watoto waliochanjwa, vifo, dawa zilizokwisha. Anayesimamia dawa husikia moja kwa moja kutoka kwa aliyeishiwa. Anayesimamia chanjo huulizwa kwa nini jokofu la eneo fulani halijatengenezwa. Mkutano huu huwa mrefu na wa kuchosha, na wenzao wanaofadhili miradi kutoka nje hawaupendi kwa sababu hiyo. Lakini ndipo pekee katika mfumo mzima ambapo mkunga wa kijijini anaweza kumfanya daktari abadili mpango wa mwezi ujao.

Chini ya kituo kuna kamati ya maendeleo ya eneo la afya, na chini yake wahudumu wa kujitolea wa jamii, ambao mashariki mwa Kongo hujulikana kwa kifupi kama reko. Reko hajui kusoma matokeo ya maabara, lakini anajua nyumba ipi imefiwa usiku na familia ipi imehama bila kuaga. Kwa mpango wa mfumo, habari hiyo hupanda kwa muuguzi, na kutoka kwa muuguzi hupanda hadi zoni.

Isifikiriwe kwamba meza hii ilikuwa nzima. Kwa miongo kadhaa serikali haikulipa mishahara ya kutosha wala kwa wakati, na wahudumu wengi waliishi kwa ada za wagonjwa na kwa marupurupu ya wafadhili. Kila mfadhili alikuja na programu yake, fomu zake na semina zake, hata muuguzi mmoja akajikuta akijaza daftari la malaria, la lishe, la kifua kikuu na la uzazi wa mpango kwa mgonjwa yuleyule. Daktari mkuu wa zoni alitumia sehemu kubwa ya wiki akiwapokea wageni. Katika zoni za Beni na Butembo kulikuwa pia na vituo vingi vya binafsi, vikiwamo vile vinavyochanganya tiba ya hospitali na tiba za asili, ambavyo havikuleta takwimu mezani kwa ukamilifu. Meza ilikuwepo, lakini miguu yake ilikuwa imelegea.

4.0 Meza ya pili

Mwitikio wa Ebola, ambao wenyeji waliuita riposti, ulipangwa kwa vitengo. Kulikuwa na kitengo cha ufuatiliaji wa waliokutana na wagonjwa, cha maabara, cha matibabu, cha chanjo, cha kinga na udhibiti wa maambukizi, cha msaada wa kisaikolojia, cha mawasiliano na jamii, na cha mazishi salama na ya heshima. Kwa kuangalia orodha, hakuna mpango wa afya uliowahi kukusanya fani nyingi zaidi katika Kivu Kaskazini. Walikuwapo hata wanaanthropolojia, waliofanya kazi katika kikosi maalumu cha uchambuzi wa sayansi za jamii.

Tatizo lilikuwa umbo lake. Kila kitengo kilikuwa na uongozi, magari, bajeti na orodha yake ya malipo, na taarifa zake zilipanda wima hadi kwenye uratibu, ambapo mikutano ilifanyika kila siku, zaidi kwa Kifaransa, na wengi wa waliokaa mezani walitoka Kinshasa au nje ya nchi. Daktari mkuu wa zoni aliingizwa katika muundo huo, lakini aliingia kama mmoja wa wahudhuriaji katika nyumba iliyokuwa yake. Muuguzi mkuu wa kituo mara nyingi aliupata mpango baada ya kuamuliwa. Wauguzi wengi waliacha vituo vyao kwenda kufanya kazi katika vitengo vya riposti, kwa sababu malipo ya siku chache huko yalizidi kile walichopata kituoni kwa mwezi. Haifai kuwalaumu. Aliyepanga ndiye aliyeweka bei.

Familia nazo ziliuona utaratibu huu kwa mlango wao. Mtu mmoja akiugua homa, timu moja ilikuja kuandika majina ya waliomgusa, nyingine ikaja na gari la wagonjwa, nyingine kunyunyizia dawa ya klorini, nyingine kuchanja, na mgonjwa akifariki, nyingine kuzika. Kila timu ilikuwa na fani yake na kila moja iliuliza maswali karibu yaleyale. Kwa mtazamo wa uratibu huo ulikuwa mgawanyo mzuri wa kazi. Kwa mtazamo wa mfiwa ulikuwa msafara wa wageni.

Mazingira ya kisiasa yaliongeza ukali. Mnamo Desemba 2018 tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba wakazi wa Beni na Butembo hawatapiga kura pamoja na taifa, na Ebola ikatajwa kuwa mojawapo ya sababu. Maandamano yalifuata, na kituo kimoja cha wagonjwa Beni kiliharibiwa. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Tarehe 19 Aprili mwaka huo daktari wa epidemiolojia kutoka Kamerun, aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi katika hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo. Watu walizungumza waziwazi kuhusu biashara ya Ebola. Tume huru iliyotoa ripoti mwaka 2021 ilieleza pia unyanyasaji wa kingono uliofanywa na baadhi ya watumishi wa mwitikio dhidi ya wanawake waliotafuta kazi. Jambo hilo si la pembeni katika mjadala wa upangaji: ajira nyingi zilizotolewa haraka, nje ya macho ya zoni na ya kamati za maeneo, ziliacha mlango huo wazi.

Panapostahili sifa, zitolewe. Pale ambapo vitengo vilivuka mipaka yake, kazi ilibadilika. Chumba cha matibabu chenye kuta zinazoonyesha, kilichobuniwa na shirika la ALIMA, kilimwezesha mama kumwona mwanawe akitibiwa. Hapo mhandisi, muuguzi na mnasihi walitatua tatizo moja kwa pamoja. Waliopona Ebola, kwa kuwa walikuwa na kinga, waliajiriwa kuwalea watoto wachanga ambao wazazi wao walikuwa wamelazwa. Na Novemba 2018, Beni ilipofurika wagonjwa wa malaria ambao homa yao haikuweza kutofautishwa kwa macho na ile ya Ebola, ilipangwa kampeni ya kugawa dawa za malaria na vyandarua iliyolenga watu wapatao 450,000. Ilikuwa hatua ya malaria iliyosaidia mapambano ya Ebola: homa zikipungua, wanaopanga foleni katika vituo hupungua, na hatari ya kuambukizana vituoni hupungua pia.

Hatari hiyo ya mwisho ilikuwa kubwa. Takriban asilimia 5 ya wagonjwa wote wa mlipuko walikuwa wahudumu wa afya, na wengine wengi waliambukizwa wakiwa wamekwenda kutibiwa maradhi mengine, hasa katika vituo vidogo vya binafsi. Matibabu ya bure yaliyotolewa katika zoni zilizoathirika, hatua njema kwa nia, yalijaza vituo kabla vituo hivyo havijapewa glavu, maji na nafasi ya kutosha. Swali la nani aanze, mtunza fedha au msimamizi wa kinga ya maambukizi, ni swali dogo ambalo mkutano wa mwezi wa zoni ungeliona mara moja.

5.0 Lugha ya mezani

Katika Beni na Butembo lugha ya kwanza ya wengi ni Kinande. Sokoni, barabarani na katika makanisa mengi husikika Kiswahili cha Kongo. Kifaransa ni lugha ya ofisi na ya daftari la mgonjwa. Lingala hunasibishwa na jeshi na na Kinshasa. Mwanataaluma aliyewasili kutoka mji mkuu akiwa na Kifaransa na Lingala alibeba, bila kukusudia, lugha mbili za mamlaka.

Shirika la Translators without Borders lilichunguza suala hili wakati wa mlipuko, na likaonyesha kwamba ujumbe uliotolewa kwa Kifaransa au kwa Kiswahili sanifu haukueleweka vyema kama ule wa lugha za wenyeji. Wataalamu wa Kiswahili walio pwani na Nairobi wanaweza kulipokea jambo hilo kwa mashaka, kwa kuwa Kiswahili ni kimoja. Mfano mmoja unatosha kuonyesha uzito wake. Tanzania ina Mganga Mkuu wa Serikali, ambaye ni daktari, lakini mtaani mganga ni wa tiba za asili. Katika Kiswahili cha Kongo, muganga au munganga ni mtu wa hospitali, daktari au muuguzi. Karatasi iliyoandikwa kwa mazoea ya pwani, ikiwaonya watu wenye homa wasiende kwa mganga, ingeweza kusomwa Mangina kama onyo la kuwaepusha na kituo cha afya.

Istilahi zilizotoka katika Kifaransa cha epidemiolojia zilikuwa na mitego yake. Mtu anayehisiwa kuwa na ugonjwa, akitafsiriwa moja kwa moja, huwa mshukiwa. Na mshukiwa, popote Kiswahili kinapozungumzwa, ni mtu wa polisi. Kumweka mgonjwa mbali na wengine huwa kumtenga, neno ambalo pia lina maana ya kumfukuza mtu katika ukoo au kanisa. Mazishi salama humfanya mfiwa aulize: salama kwa nani? Hakuna kosa la sarufi katika tafsiri hizi, na mhakiki wa lugha aliyeketi peke yake angezipitisha zote.

Anayezigundua ni mtu anayelazimika kuzitamka mbele ya mama mwenye mtoto mgonjwa, yaani muuguzi na reko. Katika vituo, wao ndio waliofanya tafsiri halisi, papo hapo, kwa kuchanganya Kinande, Kiswahili na maneno ya Kifaransa yaliyokwisha kuzoeleka. Badala ya kusema mshukiwa, mtu aliweza kusema mgonjwa ambaye bado tunasubiri majibu yake. Kirai hicho ni kirefu, lakini hakimkamati mtu. Kwa hiyo kumweka muuguzi nje ya meza ya mpango ni kumweka nje mtafsiri mkuu wa mpango, na wataalamu wa lugha wanaotaka kuusaidia mfumo wa afya hawana budi kuanza kazi kwake badala ya kuanza na kamusi. Kutengeneza istilahi ni kazi ya wanataaluma mbalimbali kama ilivyo kumtibu mgonjwa, na mwanaisimu ni mmoja wao tu.

6.0 Watoto wa surua

Wakati dunia ikihesabu vifo vya Ebola, surua ilikuwa ikienea katika mikoa yote ya Kongo. Kufikia Januari 2020 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba tangu mwanzo wa mwaka 2019 zaidi ya watu 310,000 walishukiwa kuugua na zaidi ya 6,000 walikuwa wamekufa, wengi wao watoto. Idadi hiyo ya vifo inazidi maradufu ile ya Ebola, na chanjo yake ni ya zamani na ya bei nafuu. Si sahihi kusema kwamba Ebola ndiyo iliyoleta surua. Chanjo za kawaida zilikuwa chini kwa miaka, na mikoa mingi iliyoathirika vibaya haikuwa na Ebola kabisa. Linaloweza kusemwa ni kwamba nchi iliyokuwa na macho ya dunia nzima juu yake, magari, majokofu na fedha, haikuwa na mahali pa kuuliza kwa sauti moja ni ugonjwa upi unaoua watoto zaidi mwezi huu na nani aende wapi kesho.

Katika mkutano wa mwezi wa zoni swali hilo huulizwa bila mtu kulipangia, kwa sababu takwimu za magonjwa yote husomwa zikifuatana, ukurasa mmoja baada ya mwingine. Katika mkutano wa uratibu wa ugonjwa mmoja haliwezi kuulizwa. Si jukumu la yeyote aliye pale. Shaka ya Kasongo ya mwaka 1981 ilirudi hapa ikiwa imegeuzwa: safari hii surua yenyewe ndiyo iliyopitwa na huduma ya ugonjwa mwingine.

Upande wa pili wa mpaka unatoa ulinganisho, ingawa haupaswi kutumiwa kupita kiasi kwa kuwa Uganda haikuwa na vita katika wilaya husika. Kabla ya mgonjwa yeyote kuingia, Uganda ilikuwa imekwisha kuwachanja wahudumu wa afya karibu 4,700 katika vituo 165 na kuwafundisha wahudumu wa vituo vya kawaida vya mpakani. Juni 2019 familia iliyotoka Kongo ilipofika Kasese na mtoto mgonjwa, aligunduliwa na wahudumu wa kawaida katika huduma za kawaida za wilaya. Mtoto huyo na jamaa zake wawili waliothibitishwa pamoja naye hawakupona, lakini ugonjwa haukusambaa ndani ya Uganda. Maandalizi yalikuwa yamepitia katika mfumo uliokuwapo.

7.0 Butembo, 2021

Tarehe 7 Februari 2021 Ebola ilitangazwa tena Kivu Kaskazini, katika zoni za Butembo na jirani zake. Safari hii mamlaka ya afya ya mkoa ndiyo iliyoongoza. Maabara zilikuwa karibu, chanjo ilifika mapema, na wengi wa waliofanya kazi walikuwa wauguzi na madaktari wa palepale, waliofunzwa katika miaka miwili ya taabu. Mlipuko ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 3 Mei. Walikuwa wameugua watu 12, na sita walifariki. Oktoba mwaka huohuo Beni ilipata mlipuko mwingine, nao uliishia kwa wagonjwa 11.

Sababu za tofauti hii kubwa ni nyingi, na haitakuwa haki kuupa muundo wa mpango sifa zote: maelfu walikuwa na kinga ya chanjo, na virusi viligunduliwa mapema zaidi. Lakini kugundua mapema ni jambo la muundo pia. Mtu hugunduliwa mapema akienda katika kituo ambacho anakiamini, akahudumiwa na muuguzi anayejua cha kuuliza, ambaye naye ana namba ya simu ya daktari wa zoni na haogopi kuipiga usiku.

Linalobaki bila jibu Butembo ni la fedha. Milipuko midogo haivuti wafadhili, na meza ya pili ilipoondolewa iliondoka na magari, mafuta na malipo yake. Wauguzi walirudi vituoni kwa ada za wagonjwa kama awali, matibabu ya bure yakakoma, na mkutano wa mwezi ukaendelea kutegemea anayeweza kulipa pikipiki ya muuguzi wa eneo la mbali. Katika bajeti ya zoni, safari hiyo ni mstari mmoja mdogo, na mara nyingi ndio wa kwanza kufutwa.